Nani Aliiambia Tableti?

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya hospitali. Kwingine kote aliitwa Vidole. Aliyemwita hivyo mara ya kwanza alikuwa mteja mmoja aliyekuja na kichwa kilichotimka, akasinzia kidogo kitini, na alipofumbua macho akakuta mistari imeshafika kisogoni, imekazwa na kunyooka utadhani imepigwa rula. "Wewe si mtu," alisema yule mteja huku akijipapasa. "Wewe ni vidole vitupu." Jina likanata.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi, mashine mbili za kukaushia nywele, na benchi la kusubiria ambalo Jumamosi halikupoa. Aliiendesha pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeshika upande wa kuosha na kuweka dawa. Miaka tisa walikuwa pamoja. Waligombana kuhusu redio, wakagombana kuhusu nani amemaliza majani ya chai, lakini kichwa cha mteja kikiwa kati yao hawakuhitaji maneno. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake ameshamwekea kitana kiganjani.

Siku moja mchana Vidole alikuwa bafuni kwake, amefumua nywele zake mwenyewe ili azioshe, kidole kikateleza. Utosini palikuwa na mahali palaini, pasipo na kitu. Akachukua kioo cha mkononi, akakielekeza kwenye kioo cha ukutani, akaona: upara, upana wa kifuniko cha chupa, unang'aa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutia komeo mlangoni, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Fundi cherehani anaweza kuvaa shati lenye kiraka, watu wakasema masikini, kazi zimemzidi. Mpishi anaweza kukonda akahurumiwa. Lakini msusi mwenye upara, nani atamkabidhi kichwa chake? Vidole hakumwambia mtu. Hakumwambia mumewe, fundi majokofu, mtu mpole ambaye hata nati ikianguka anaiomba radhi. Hakumwambia mama yake. Hakumwambia wifi yake. Alianza tu kufunga kilemba.

"Naona tumepata malkia," wifi alimtania siku ya kwanza.

"Vumbi limezidi," Vidole alijibu, na wifi hakuuliza tena. Kesho yake Vidole alimgombeza siku nzima kwa kuihamishia feni mlangoni.

Aliyeambiwa ni simu. Kila alipopata upenyo, kituoni, chooni, akisubiri maji yachemke, aliiuliza. Kwa nini nywele zinakatika utosini. Mwanamke anaweza kupata upara. Dawa ya upara. Wigi lisilojulikana kuwa ni wigi. Simu ilimjibu kila swali bila kucheka na bila kumkazia macho, na Vidole akaona amepata pa kumwagia moyo. Simu haina mdomo, alijiambia.

Siku kumi hazikupita.

Saluni ilikuwa na tableti iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, wateja wachague mitindo. Jumamosi hiyo benchi lilikuwa limejaa. Binti mmoja aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata alikuwa anapekua picha, wenzake wawili wamemwegemea mabegani, wote wanachagua kana kwamba wanaolewa watatu. Ghafla picha ya bibi harusi ikapotea, pakajaa kichwa cha mwanamke kilichopigwa kwa nyuma, na maandishi mekundu. Binti akayasoma kwa sauti:

"Dada, upara unakuaibisha? Usijifiche tena!"

Saluni nzima ikaangua kicheko.

"Haya! Saluni gani hii inayowaandalia wateja upara mapema?"

"Wanakutahadharisha. Baada ya dawa ya nywele ndiyo kituo kinachofuata!"

Vidole alicheka kuliko wote. Mkono wake, bila kuutuma, ulipanda ukagusa kilemba. Akamwona wifi yake kwenye kioo. Wifi alikuwa anamtazama; macho yao yalipokutana, wifi akayaondoa haraka, akafuta mikono, akaja kuichukua tableti. "Lete niipanguse, imejaa mafuta," alisema, kisha akailaza mezani kifudifudi.

Vidole aliendelea kusuka, lakini moyoni kitu kilikuwa kimeanza kumtekenya vibaya. Kwa nini ameilaza? Anaficha nini?

Jumatano mumewe alirudi kazini na mfuko wa karatasi. "Nimekuletea zawadi," alisema, anatabasamu. Ndani mlikuwa na chupa ya mafuta ya kuotesha nywele. "Simu yangu imenisumbua na haya mafuta wiki nzima. Kila nikifungua habari za mpira, mafuta. Nikitafuta bei ya gesi ya jokofu, mafuta. Nikasema basi, mke wangu ndiye mtu wa nywele, huenda wateja wake wakayataka."

Vidole hakusikia habari za mpira wala za gesi. Alisikia kuotesha nywele. Akaishika ile chupa, akasema ahsante, akaenda kusimama jikoni peke yake. Mumewe amejua, na anaona haya kusema. Nani amemwambia? Akaanza kuunganisha. Wifi ameona, sijui lini, lakini ameona. Akaenda kutafuta habari za upara kwenye tableti ya saluni, mbele za watu. Kisha akampelekea kaka yake. Ndiyo maana aliondoa macho. Ndiyo maana aliilaza tableti. Mambo yote yakakaa mahali pake, na hakuna kinachodanganya kama mambo yaliyokaa mahali pake upesi.

Kesho yake asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, alimkabili.

"Wifi, mimi nimekukosea nini?"

Wifi alikuwa anafunga aproni. "Kunikosea? Leo umeamka na nini?"

"Mambo ya kichwa changu umeyapeleka kwa kaka yako. Na kwenye tableti, wateja wakanicheka."

"Nimepeleka nini?"

"Usijifanye hujui! Miaka tisa nakula na wewe, nacheka na wewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Wifi alinyamaza. Yeye ambaye sauti yake ilisikika mpaka duka la pili alinyamaza, na uso wake ukabadilika polepole, hasira ikaingia kwanza, halafu ikatoka, pakabaki kitu kibaya zaidi. Alifungua kamba za aproni alizokuwa ametoka kuzifunga.

"Basi, kama mimi ndiyo nguo," alisema kwa sauti ya chini, "najivua."

Akaitundika aproni kwenye msumari, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Wiki mbili zilizofuata Vidole alijua kazi ya watu wawili ina uzito gani. Aliosha, akaweka dawa, akakausha, akasuka. Mikono ilimchubuka kwa maji ya moto. Wateja waliokuwa wakihudumiwa kwa saa mbili walikaa nne, na baadhi wakaaga kwa adabu ile inayomaanisha hatuonani tena. Mumewe alipouliza dada yake yuko wapi, alisema anaumwa. Na usiku na mchana simu iliendelea kumwonyesha vichwa vya wanawake: kabla ya dawa, baada ya dawa. Aliacha kuitafuta habari hiyo kabisa, lakini habari yenyewe haikuacha kumtafuta.

Jumanne moja alikuja mteja aliyeitwa Bosi. Huyu alikuja kila baada ya miezi miwili, amevaa nguo za ofisini, simu mbili mkononi, na alitaka misuko midogo kama uzi wa kiatu, kazi ya saa tano. Watu wa saluni walijua tu kwamba ana ofisi mjini na kwamba hapendi kuchelewa.

"Leo uko peke yako?" Bosi aliuliza. "Yule mwenye sauti yuko wapi?"

"Amepumzika."

Bosi hakuchimba. Alichukua tableti achague urefu, Vidole akaanza kugawa nywele kisogoni. Hawakufika mbali. "Ona hii," Bosi alisema, akiinua tableti ionekane kwenye kioo. "Wigi kwa wenye upara. Halafu hapa chini, mafuta. Halafu kliniki ya ngozi. Mwenye hii tableti, yeye au mtu wa karibu yake, amekuwa akitafuta dawa ya nywele kwa muda sasa."

Vidole vya Vidole vikasimama.

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu, dada. Mimi nauza matangazo. Kampuni inaniambia, tuna mafuta ya kuotesha nywele, tunataka yaonekane na watu wenye shida hiyo. Mimi nahakikisha yanaonekana nao."

"Watu wenye shida unawajuaje? Wanakuja ofisini kwako?"

Bosi alicheka. "Wangekuja tungewapa chai. Hapana. Simu zao zinasema. Ukitafuta kitu, kinaandikwa. Ukifungua ukurasa, wapo waliokaa mle ndani wanaoandika kwamba ulipita, ulikaa dakika ngapi, ulibonyeza nini. Hawajui wewe ni binti wa nani, lakini simu yako ina namba yake ya matangazo, na chini ya namba hiyo wanaandika: mwanamke, umri fulani, anaishi upande huu, nywele zinamsumbua. Hebu niambie, simu yako na hii tableti umeingia kwa barua pepe moja?"

"Ninayo moja tu. Kwani watu huwa na ngapi?"

"Basi ndiyo hapo. Ulichouliza kwenye simu kimekufuata mpaka kwenye tableti."

Vidole alihisi jasho likimtoka chini ya kilemba. Lakini bado palikuwa na jambo moja. "Na mume wangu? Yeye ana simu yake, ana barua pepe yake. Yeye naye matangazo yamemfikiaje?"

"Huyo ni wifi," Bosi alisema bila kufikiri.

Vidole akashusha pumzi. "Afadhali! Hata wewe umeona!"

"Linajulikana hilo. Wifi ya nyumbani ndiyo huwa inaunganisha watu."

"Kuunganisha? Kutenganisha! Ndiyo maana nilimfukuza."

"Umeifukuza?"

"Nimemfukuza, wiki ya pili hii! Aliondoka hapo mlangoni na mkoba wake!"

Bosi aligeuza kichwa ghafla hata msuko mmoja ukachomoka. Alimtazama Vidole, kisha akautazama msumari wenye aproni, akaelewa. "Dada," alisema taratibu, "mimi nazungumzia wifi ya intaneti. Kile kisanduku chenye vitaa, ambacho watu hukiweka sebuleni."

Mashine ya kukaushia ilikuwa inaunguruma bila mtu chini yake.

"Wanaotumia intaneti ya nyumba moja," Bosi aliendelea, sasa kwa upole, "huhesabiwa watu wa nyumba moja. Mama akitafuta kitanda, baba anaonyeshwa godoro. Hakuna binadamu aliyekaa akaamua kumwambia mumeo. Mashine imekisia tu kwamba huenda akanunua."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyesema."

"Hakuna mtu."

Vidole akaketi kwenye kiti cha pembeni, kile cha kuoshea, ambacho kwa wiki mbili hakuna aliyekikalia kwa starehe. Alikumbuka uso wa wifi yake pale alipofungua zile kamba. Machozi yakaja, akayafuta kwa taulo la mteja.

Bosi, misuko michache kisogoni, nywele nyingine zote zimesimama, hakumuuliza anayeumwa nywele ni nani. Badala yake akasema, "Baba yangu alipougua, nilikuwa natafuta habari za ugonjwa wake kwenye tableti ya mama. Tukamzika. Miezi minne baadaye mama bado anaonyeshwa dawa zake, na viti vya magurudumu. Kila asubuhi. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kuzima haya mambo. Nilikuwa nayauza miaka sita, sikuwahi kuyazima." Alinyoosha mkono. "Lete simu. Wewe suka, mimi nabonyeza. Tazama kwenye kioo usije ukasema nimeiba kitu."

Wakafanya hivyo. Vidole alisuka huku akichungulia juu ya bega la Bosi. Kwanza waliingia kwenye mipangilio, wakaifuta ile namba ya matangazo, wakazima kitufe kilichoruhusu matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake. Wakaenda kwenye akaunti, wakakuta orodha ya kila alichowahi kuuliza, siku na saa. Vidole aliona swali lake la kwanza, la siku ile ya bafuni, limeandikwa pale na dakika zake. Alijisikia kama aliyekuta barua yake imebandikwa sokoni. Wakaifuta orodha yote, wakazima na uwekaji wake.

Kisha Bosi akafungua sehemu ya ruhusa. "Hii tochi umeipakua lini?"

"Siku umeme ulipokatika. Ya simu sikuijua ilipo."

"Imeomba kujua uko wapi saa zote. Na majina ya watu kwenye simu yako. Na kipaza sauti."

"Tochi? Inataka kujua niko wapi ili iweje?"

"Labda inaogopa giza."

Vidole akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, cheko lenye kamasi za kilio. Tochi ikafutwa. Mchezo wa kupanga peremende ukafutwa. Kalenda ya siku zake za hedhi, ambayo ilikuwa inajua zaidi ya daktari, nayo ikafutwa. Bosi alimwambia penseli na kalenda ya ukutani havijawahi kumsengenya mtu. Akamwekea kivinjari kinachowazuia wale wafuatiliaji, akamwonyesha kwamba tovuti ikimuuliza anakubali vyote, kipo kitufe cha kukataa, ila hukiandika kwa herufi za kupauka kwa makusudi. Mwisho wakaifungulia tableti barua pepe yake yenyewe, ya saluni, isiyohusiana na ya Vidole kwa lolote.

"Matangazo yataisha?"

"Hayataisha. Tusidanganyane. Na vilivyokwisha kuuzwa huko nje hatuwezi kuvirudisha vyote. Lakini mapya yatakuwa yanapapasa, hayajui yanaongea na nani."

Siku hiyo Vidole alibandika karatasi mlangoni, akafunga saa tisa, akaenda kwa wifi yake.

Alimkuta uani anaanika nguo. Wifi alimwona, akaendelea kuanika. Vidole alisimama pale, hajui aanzie wapi, mpaka wifi akamsukumia kikopo cha vibanio kwa mguu. Vidole akainama, akaanza kumpa kimoja kimoja. Shuka likapita, mashati mawili yakapita.

"Wifi," alisema hatimaye, "nimejua aliyesema."

"Hongera."

"Ni wifi."

Mkono wa wifi ulisimama hewani na soksi. "Umetoka kwako mpaka kwangu kuja kunirudishia palepale?"

"Siyo wewe! Wifi ya ukutani! Kisanduku!" Na hapo maneno yakamtoka yote, hovyohovyo: barua pepe moja, mafuta, Bosi, tochi inayoogopa giza, upara. Neno upara lilipotoka akatambua ni mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu. "Nina upara, wifi. Hapa. Nikaogopa kusema, halafu nikakusingizia wewe. Nisamehe."

Wifi akamalizia kuibana ile soksi. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Upara. Uliinama kuokota uzi, kabla hujaanza kilemba. Ulikuwa mdogo, kama kifungo cha shati. Nafikiri niliujua kabla yako."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Kichwa ni chako. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kwa nini unadhani feni niliihamishia mlangoni, ukanigombeza siku nzima? Ilikuwa inakaribia kukivua hicho kilemba. Na ile tableti, nilitaka tu waache kucheka."

Vidole alikuwa ameshika kibanio, anakifungua na kukifunga.

"Lakini yale maneno yaliniuma," wifi alisema. "Sitakudanganya. Miaka tisa, halafu hukuniuliza hata swali moja. Ulikuja na hukumu."

"Najua."

"Nitarudi Jumatatu. Si kesho. Kesho bado nina hasira."

Vidole akakubali, akampa vibanio mpaka nguo zikaisha.

Jioni hiyo mumewe alikuwa mezani anafungua mota ya jokofu. Vidole aliketi mbele yake, akakifungua kilemba, akainamisha kichwa chini ya taa. Mumewe aliweka bisibisi chini. Alinyoosha kidole, akakirudisha kwa kuwa kilikuwa na grisi, akakifuta kwenye suruali, akagusa pale polepole.

"Inauma?"

"Hapana."

"Na mimi nikakuletea mafuta, nacheka." Alionekana kama mtu aliyekanyaga mtoto. "Simu ilinionyesha, nikaona ni biashara. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," Vidole alisema. "Ndiyo maana nataka ujue kwangu."

Walikwenda pamoja kwa daktari wa ngozi. Daktari alimkagua kwa lenzi, akamuuliza amekuwa akijisuka mwenyewe kwa muda gani na anakaza kiasi gani. Kiasi gani! Ndiyo sifa iliyompa jina. Daktari akamweleza kwamba mizizi mingine imekufa na mingine imelala tu. Iliyolala huweza kuamka ikiacha kuvutwa. Akampa dawa ya kupaka, akamshauri anyoe zilizobaki ziwe fupi, apumzishe ngozi. "Huenda pasijae pote," alisema. "Lakini nimeona pabaya kuliko hapa pakijaa."

Jumatatu wifi alifika saa moja na nusu, akaichukua aproni kwenye msumari, akaikung'uta vumbi. Vidole alikuwa ameshakaa kitini, kichwa wazi, mashine ya kunyolea mapajani.

"Kinyozi hajinyoi," alisema.

"Kaa sawa," wifi alijibu. "Na usinifundishe kazi."

Alimnyoa taratibu, akimgeuza kichwa kwa ncha za vidole, na alipofika utosini hakuharakisha wala hakukawia. Alipomaliza alimpangusa shingo, wote wawili wakatazama kwenye kioo. Kichwa cha Vidole kilikuwa na umbo zuri, kumbe. Miaka yote hakuna aliyekijua.

Mteja wa kwanza aliingia, akasimama. "Mtindo mpya?"

"Upara, mama," Vidole alisema. "Nilijikaza mno. Daktari amesema zilizolala zitaamka. Na kuanzia leo hapa hatukazi mpaka mtu macho yanamtoka. Anayetaka kukazwa aende kwingine."

Alikuwa amejiandaa kupoteza wateja, na wawili watatu kweli hawakurudi. Lakini mama huyo alifunga mlango nyuma yake, akavua wigi lake polepole, akaonyesha paji la uso lililorudi nyuma vidole vitatu. "Basi ngoja unitazame na mimi," alisema. "Nilidhani niko peke yangu." Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameshawapeleka wanawake watano kwa daktari yuleyule, na mmoja wao alikuwa ameanza kuota vinyweleo kama vya mtoto mchanga, anavionyesha kwa kila anayeingia.

Mambo ya simu nayo yakashika. Mtu anayesukwa ana saa tatu za kukaa na hana pa kwenda, na wifi, aliyejifunza kuzima kila kitu kwenye simu yake mwenyewe kwa kasi iliyomshangaza hata Bosi, aliwafundisha wote kwa ile sauti yake. Waliokuwa benchi walijikuta wanafuta tochi zao kabla hawajaitwa kitini.

Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mkimya. Alipowasikia wakizungumza, aliitoa simu yake. Uchumba wake ulikuwa umevunjika mwaka mzima nyuma, alisema, na tangu hapo hakuna siku iliyopita bila kuonyeshwa shela, pete, kumbi za harusi. Alikuwa ameanza kuiogopa simu yenyewe. Vidole akaacha kusuka, akafuta mikono, akakaa karibu naye, na safari hii ni yeye aliyebonyeza na kueleza, kitufe kwa kitufe, mpaka mwisho.

Mwalimu alingoja siku mbili, akarudi kusukwa. Aliingia anacheka peke yake mlangoni, simu ameiinua juu.

"Tazameni inanionyesha nini leo."

Lilikuwa trekta. Trekta jekundu, na jembe lake la kukokota, na bei ya punguzo.

"Sasa inadhani wewe ni mkulima!" wifi alisema.

"Na jana ilidhani mimi ni fundi bomba. Juzi iliniuzia meno ya bandia." Mwalimu akaketi kitini, akaitia simu ndani ya mkoba, akafunga zipu, akaegemeza kichwa mikononi mwa Vidole. "Iache idhani. Haya, nisuke, mistari minane. Usikaze."